FERI ZA BAHARI: ZINAZALIWA, ZINATUMIKA, NYUMA ZINAKWENDA WAPI?



Kila mwanzo wa mwaka wa masomo wengi wetu tunafika shuleni kwa njia ya maji. Wamoja wanapanda boti za chuma, wengine mashua za mbao zenye motere. Tunatafuta nafasi ya kuweka sanduku na godoro, tunalipa, basi. Ni wachache wanaouliza: chombo hiki kilitoka wapi? Kilifanya kazi gani mbele ya kufika hapa? Na siku kitakapochoka kitapelekwa wapi?

Tulipofundishwa usafiri wa bahari katika somo la jiografia, maswali haya yalileta mabishano makubwa darasani. Mmoja alisema meli ikizeeka inazamishwa tu. Mwingine akajibu: hapana, wanaiuza kwa maskini. Wa tatu akasema meli ya zamani ni nguvu kuliko ya leo, kwa maana chuma cha zamani kilikuwa chuma kweli. Wenzangu wakaniomba nitafute habari na kuziandika katika gazeti letu. Haya njo niliyopata, na mutaona kwamba kila mmoja wa wale watatu alikuwa na haki kidogo, lakini si haki yote.

1. FERI NI KITU GANI?

Sisi tunajua baki ya kuvusha motokari kwenye mto. Feri ya bahari ni ndugu mkubwa wa baki. Ni meli inayokwenda na kurudi kwa njia ileile, kwa saa ileile, siku zote, kati ya bandari mbili au tatu. Haifanyi safari ya kuzunguka dunia. Kazi yake ni sawa kazi ya daraja: kuunganisha pande mbili za maji.

Feri nyingi zina mlango mkubwa mbele na mwingine nyuma. Motokari na makamio yanaingia kwa mlango mmoja na kutokea kwa mwingine, bila kugeuka, bila kubebwa na mashine ya kuinua mizigo. Kwa hiyo ndani ya meli kuna uwanja mrefu, toka mbele mpaka nyuma, bila kuta za kuukata. Watu wanakaa juu ya uwanja huo, katika vyumba na viti. Namna hiyo inaokoa wakati mwingi. Feri inaweza kufika, kumwaga motokari zake, kupakia nyingine na kuondoka kwa muda mfupi sana.

Lakini ule uwanja usio na kuta njo udhaifu wake. Ninyi nyote mumeona mama anayebeba beseni la maji kichwani. Beseni likiwa nusu, maji yanacheza: mama akiinama kidogo upande wa kuume, maji yote yanakimbilia kuume na kumvuta zaidi. Ndiyo sababu wanaweka majani juu ya maji, ili yatulie. Katika feri hakuna majani. Maji kidogo tu yakiingia katika ule uwanja, hata yale yasiyofika kwenye goti la mtu, yanakimbia upande mmoja, meli inalala, maji mengine yanaingia, na kila kitu kinakwisha haraka.

2. JAMBO LILILOTOKEA ZEEBRUGGE

Mfano wa kwanza unatoka Ubelgiji. Tarehe 6 Machi 1987, saa za magaribi, feri ya Kiingereza iliyoitwa Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge kwenda Dover. Ilikuwa meli mpya, ilitengenezwa mwaka wa 1980. Bahari ilikuwa tulivu. Ndani mulikuwa watu zaidi ya 500.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Mfanyakazi aliyepaswa kuufunga alikuwa amelala usingizi katika chumba chake. Mkubwa wake hakuhakikisha. Kapiteni, kule juu anakoongozea, hakuweza kuona mlango, na hakukuwa na taa ya kumwonyesha kama umefungwa au la. Tena, makapiteni wa kampuni ile walikuwa wamekwisha kuomba taa ya namna hiyo, na wakubwa wa ofisi hawakukubali. Kwa kapiteni, mtu asipoleta habari ya matata, maana yake yote ni sawa. Meli ikaongeza mbio, maji yakaingia kwa mlango, na kwa muda wa dakika moja na nusu tu ikalala ubavu. Watu 193 walikufa, karibu kabisa na bandari.

Wapelelezi walipomaliza kazi yao, hawakumlaumu yule aliyelala peke yake. Walisema ugonjwa wa uzembe ulikuwa katika kampuni nzima, toka juu mpaka chini. Meli yenyewe iliinuliwa, ikapewa jina lingine, ikavutwa mpaka Taiwan, na mwaka wa 1988 ikakatwa vipandevipande. Maisha yake yote yalikuwa miaka minane.

Miaka saba nyuma ya ile, tarehe 28 Septemba 1994, feri Estonia ilizama usiku katika bahari ya Baltiki wakati wa mawimbi makubwa. Ilikuwa ikitoka Tallinn kwenda Stockholm. Mawimbi yaling'oa kifuniko cha mlango wake wa mbele. Kati ya watu 989, walipona 137 tu. Kisha nchi za kaskazini ya Ulaya zikapatana juu ya sheria mpya: feri ipaswe kubaki wima hata kama maji ya kimo cha nusu metre yameingia katika uwanja wa motokari. Kumbukeni sheria hii, tutairudilia.

3. MELI MOJA, MAJINA MENGI

Si kila feri inakufa vibaya. Nyingi zinaishi maisha marefu, lakini zinabadilisha jina sawa mtu anayebadilisha shati.

Serikali ya Ubelgiji ilikuwa na feri zake kati ya Ostende na Uingereza toka mwaka wa 1846. Feri kubwa ya mwisho waliyotengeneza iliitwa Prins Filip, kwa jina la yule aliyekuwa mfalme wa Ubelgiji mwaka wa 2013. Iliundwa Temse, kando ya mto Schelde, na ilianza kazi mwaka wa 1992. Miaka mitano tu ikapita, na mwaka wa 1997 kazi yote ile ya serikali ikafungwa. Meli ikabaki bila kazi. Nyuma wengine wakaichukua: ikaitwa Stena Royal, kisha Aquitaine, kisha Norman Spirit, kisha Ostend Spirit, ikarudilia Norman Spirit, halafu Calais Seaways. Mwaka wa 2021 kampuni ya Ireland ikainunua na kuipa jina Isle of Innisfree. Chuma ni kilekile, lakini rangi, bendera na jina vimebadilika mara nyingi.

4. JUU YA NINI FERI INAFUKUZWA KAZI?

Nimeona sababu nne.

Ya kwanza ni daraja au njia ya chini ya maji. Mwaka wa 1994 walifungua njia ya reli chini ya bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Mwaka wa 2000 likafunguliwa daraja kati ya Denmark na Sweden. Mahali daraja linapofika, feri nyingi zinakosa abiria.

Ya pili ni sheria mpya. Ile sheria niliyosema, ya nusu metre ya maji, ililazimisha wenye meli kutengeneza feri zao upya. Kwa meli ya zamani gharama inaweza kupita bei ya meli yenyewe.

Ya tatu ni mazutu. Motere ya zamani inakunywa sana.

Ya ine ni ukubwa. Makamio yanaongezeka, nafasi haitoshi.

Meli iliyofukuzwa kazi haiendi kulala. Mara nyingi inauzwa. Feri iliyokataliwa kaskazini inanunuliwa na watu wa nchi za joto, mahali bei ndogo inapendeza na wapelelezi wa meli ni wachache. Tuangalie tatu.

Feri Himeyuri Maru ilitengenezwa Japani mwaka wa 1963. Mwaka wa 1975 iliuzwa Ufilipino, na baadaye ikaitwa Doña Paz. Tarehe 20 Desemba 1987, siku za kuelekea Noeli, ilijaa watu kupita kiasi, ikagongana na meli ya mafuta. Moto ukawaka hata juu ya maji. Watu zaidi ya 4,000 walikufa. Waliookolewa katika meli zote mbili walikuwa 26 tu. Hakuna ajali ya meli ya wakati wa amani iliyoua watu wengi kuliko hiyo.

Ya pili ni Spice Islander. Ilitengenezwa Ugiriki mwaka wa 1967, ikafanya kazi kule miaka 40, ndipo ikaletwa upande wetu wa Afrika. Ilikuwa na ruhusa ya kubeba watu 645. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama karibu na Nungwi. Tume ya serikali ya Zanzibar ilipohesabu, ilionekana kwamba ndani mulikuwa watu zaidi ya 2,000. Waliokufa na wasioonekana tena walipita 1,500.

Ya tatu ni Skagit. Hii ilikuwa boti ya abiria tu, bila motokari, ya watu 250. Iliundwa Louisiana, Marekani, mwaka wa 1989, ikatumika Seattle, katika maji yaliyozungukwa na nchi kavu, mahali mawimbi si makubwa. Mwaka wa 2009 iliachishwa kazi. Mwaka wa 2011 yeye na ndugu yake Kalama waliuzwa pamoja kwa dola 400,000, wakaletwa Zanzibar. Tarehe 18 Julai 2012 Skagit iliondoka Dar es Salaam siku ya upepo mkali, ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe. Watu zaidi ya 100 walikufa au hawakuonekana. Angalieni vizuri: Skagit ilikuwa na miaka 23 tu, hiyo si uzee wa kutisha. Lakini boti ya maji yaliyotulia ilipelekwa kwenye maji ya wazi.

5. BASI, NI UZEE UNAOUA?

Hapa wengi darasani walisema: ndiyo, tatizo ni meli za zamani. Mimi pia nilifikiri hivyo. Lakini kuna meli mbili zinazotukataza kusema hivyo upesi.

Ya kwanza ni Joola ya Senegal. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka wa 1990, kwa hiyo ilikuwa na miaka 12. Ruhusa yake ilikuwa watu 580 karibu, pamoja na wafanyakazi. Tarehe 26 Septemba 2002 iliondoka Ziguinchor kwenda Dakar na watu zaidi ya 1,900. Usiku, mbele ya pwani ya Gambia, upepo na mvua vikaja, watu wakasongana, meli ikapinduka. Walikufa watu 1,863 na waliookolewa walikuwa 64. Wandugu, kati ya waliokufa kulikuwa wanafunzi wengi sana waliokuwa wakienda Dakar kwa kufungua mwaka wa masomo. Walikuwa na masanduku sawa yetu.

Ya pili iko karibu na sisi, katika ziwa la Tanganyika, ambalo wazee wengine wanaliita bahari. Ni Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka wa 1913, katika kiwanda kilekile kilichounda Estonia mwaka wa 1980. Ilifunguliwa vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000, ikapelekwa kwa meli mpaka Dar es Salaam, halafu kwa reli mpaka Kigoma, ikaungwa tena. Ikashuka majini mwaka wa 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Wadachi wenyewe waliizamisha mwaka wa 1916 ili isichukuliwe na maadui, lakini mbele ya kuizamisha walipaka motere mafuta mazito. Wabelgiji waliiinua ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Mashine zake za mvuke zilibadilishwa kwa motere za mazutu katika miaka ya 1970. Mwaka wa 1997, vita ya kwanza ilipokwisha, ilirudisha wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000 toka Kigoma mpaka Uvira, kwa safari 22. Pengine kati ya wazazi wetu kuna waliopanda meli ile siku zile. Ilipita miaka 100 ingali ikibeba watu.

Meli ya miaka 12 imeua watu 1,863, na meli ya miaka 84 imerudisha watu 75,000 nyumbani. Basi si uzee peke yake. Meli inakufa na watu wake kwa sababu tatu: watu na mizigo kupita hesabu, mlango au mwili ulioachwa bila kuangaliwa, na mtu aliyejua hatari lakini hakusema, au alisema wakakataa kumsikia.

6. NJIA YA MWISHO

Feri isiyozama na isiyopata mnunuzi tena inakwenda kukatwa. Mahali panapojulikana ni Alang katika India, Chittagong katika Bangladesh, Gadani katika Pakistan, na Aliağa katika Uturuki. Huko Alang wanangoja siku ya maji mengi. Meli inakimbizwa kwa nguvu zake zote mpaka inapanda mchanga. Maji yakirudi chini, inabaki kavu, na wanaume wanaingia na moto wa gesi kuikata. Ni kazi mbaya: vyuma vinaanguka juu ya watu, na meli za zamani zina amianti, vumbi lake linaharibu mapafu. Patano la mataifa yote juu ya kazi hii lilianza kuwa na nguvu tarehe 26 Juni 2025 tu. Chuma kinayeyushwa na kinarudi kuwa feri-beto ya kujengea nyumba. Basi feri inaweza kuwa nguzo ya nyumba ya mtu ambaye hajaona bahari.

Zingine zinapata uzee wa heshima. Bore, meli ya mwaka wa 1960, imekuwa hoteli katika Turku, Finland. Isabelle ilikaa bandarini Tallinn toka mwaka wa 2022 kuwa makao ya wakimbizi wa Ukraine.

7. NA SISI?

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama ikiwa karibu kabisa kufika Kituku, Goma. Watu waliokuwa bandarini waliiona ikipinduka. Makumi ya watu walikufa. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, watu walilazimishwa kupita majini, na boti ilijaa kupita kiasi. Hakukuwa dhoruba.

Sasa nitasema jambo langu mwenyewe. Mwanzo wa mwaka mmoja wa masomo, mama mdogo alitusindikiza bandarini, mimi na mdogo wangu. Tulikuwa tumekwisha kulipa. Boti ilikuwa imejaa magunia, watu wamekaa juu ya magunia, na wapakiaji walikuwa wakiita wengine bado. Mama mdogo akaangalia ubavu wa boti, akaona maji yamefunika ule mstari wa rangi. Akatuambia: "Shukeni." Tulishuka. Watu walimcheka. Feza yetu haikurudishwa. Boti ile iliondoka, na nisidanganye, ilifika salama. Sisi tulifika shuleni siku mbili nyuma, tukaandikwa kati ya wachelewaji na tukapewa kazi ya kulima. Nilimkasirikia mama mdogo wiki nzima.

Leo, nikiisha kusoma habari za Joola, sikasiriki tena. Boti ile ilifika, ni kweli. Joola pia ilikuwa imefika safari nyingi mbele ya ile ya mwisho. Kufika si ushuhuda kwamba hesabu ilikuwa nzuri.

Kwa hiyo ninamaliza kwa maneno mawili. Kwa wanafunzi wenzangu: mbele ya kupanda, angalieni mstari wa maji, hesabuni jile za kuokoa, na mukiona hazitoshi, shukeni, hata kama mutachekwa. Kwa wakubwa wetu, Baba Prefe na walimu, ninaomba kwa heshima: mwanafunzi akichelewa kwa sababu alikataa boti iliyojaa, na mzazi wake akithibitisha, asihesabiwe kati ya wavivu. Kule Zeebrugge makapiteni waliomba taa ndogo tu, ofisi ikakataa. Ombi letu nalo ni dogo: alama moja katika kitabu cha wachelewaji, ya kusema huyu alichelewa kwa haki.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano